Chi si Roho, Jin si Jini

Hapa Gisenyi, wengi wetu tumeijua kungfu kupitia agasobanuye, yaani filamu za kigeni ambazo msimulizi huzifasiri kwa Kinyarwanda huku zikiendelea. Kenya na Tanzania nako wapo wanaofanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Kazi ya msimulizi ni kuchangamsha, na anaifanya vizuri. Tatizo huja pale mzee wa kwenye filamu anaponyoosha kiganja na adui akarushwa mbali. Tafsiri iliyo karibu ni “nguvu za roho” au “uchawi”. Maneno hayo yakitoka kwenye filamu yakaingia uwanja wa mazoezi, yanaleta hasara: mzazi mcha Mungu anamkataza mtoto, na kijana mwingine anajifunza akingojea muujiza.

Hoja yangu ni kwamba kosa linaanzia katika maneno. Nitachukua matatu.

La kwanza ni neijia. Nei ni ndani, jia ni nyumba au ukoo. Mwaka 1669 Huang Zongxi alilitumia kutofautisha mtindo mmoja wa mapigano na ule wa Shaolin. Baadaye Sun Lutang aliziweka pamoja taichi, bagua na shingyi, na ndizo tunazoziita za ndani leo. Lakini “ndani” hapa si rohoni. Ni jinsi viungo vinavyosaidiana: nguvu inaanzia miguuni, inapita kiunoni, inatokea mkononi. Mvuvi wa Ziwa Kivu anajua kwamba wavu uliojaa sambaza hauvutwi kwa mikono pekee.

La pili ni chi. Wengine wanaliita “nishati”. Kwetu nishati ni umeme na gesi, kama methani ya ziwa hili inayozalisha megawati 26 kule Karongi katika mtambo wa KivuWatt. Wengine wanasema “roho”, na hapo dini inaingia bila kualikwa. Herufi ya zamani ya Kichina ya neno hili ina alama ya mvuke juu ya alama ya mchele. Kinyarwanda kina neno linaloikaribia zaidi: umwuka, ambalo ni pumzi, ni hewa, na pia ni roho, kutegemea linasemwa wapi. Kiswahili kimezigawa maana hizo, kwa hiyo mfasiri hana budi kuchagua. Kwa mazoezi, mimi ningechagua “pumzi”.

La tatu ni jin. Tukilitohoa kwa kuongeza irabu mwishoni, linakuwa “jini”, na hakuna atakayesikiliza maelezo yanayofuata! Walimu wa taichi wanalitenganisha na li, nguvu ya misuli tu. Jin ni nguvu iliyofunzwa, yenye njia na mwelekeo. Fizikia ya Kiswahili tayari ina neno “kani”, ambalo hutajwa pamoja na mwelekeo wake. Basi li iwe “nguvu”, na jin iwe “kani”.

Kuna atakayenipinga kwamba chi ni pana kuliko pumzi, kwa kuwa imo pia katika tiba na falsafa ya Wachina. Ni kweli, na katika kitabu cha falsafa ningeliacha neno lilivyo na kulieleza. Mwingine atasema Wachina wenyewe wanaamini miujiza hiyo. Wapo, na wapo pia wanaoipinga. Mwaka 2017 mpiganaji Xu Xiaodong alimshinda mwalimu wa taichi, Wei Lei, kwa sekunde chache tu, na mjadala mkali ukafuata China nzima. Pambano hilo halikuthibitisha kwamba taichi haina maana. Lilionyesha kwamba anayeahidi muujiza atadaiwa muujiza.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda. Sisi tunaokisoma tutaulizwa maana ya maneno kama haya na wadogo zetu. Tukiwajibu “pumzi” na “kani”, mtoto ataweza kufanya mazoezi na mzazi ataweza kuelewa anachofanya.