Neno "Mtandao" Katika Maelekezo ya Saa za Mkono: Tahakiki ya Tafsiri Moja

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi zilizotumika katika karatasi moja ya maelekezo ya Kiswahili, iliyofungwa pamoja na saa ya mkono ya aina ile iwezayo kupiga na kupokea simu. Karatasi hiyo haikutufikia kwa njia ya kawaida, yaani mfasiri kuja kuomba ushauri. Ililetwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye wanawe walimnunulia saa hiyo kwa kuwa ana maradhi ya moyo na hapendi kubeba simu aendapo shamba. Alifuata maelekezo hatua kwa hatua, kisha akampigia binti yake kwa saa akiwa sebuleni, wakasikilizana vizuri. Siku ya tatu aliiacha simu mezani, akaenda zake shamba. Huko kizunguzungu kilipomshika, saa haikuweza kupiga simu hata moja, naye akainuliwa na wapita njia. Aliponikabidhi karatasi alisema, "Mwanangu, nimeisoma mara tatu, na Kiswahili nimekifundisha miaka thelathini."

Nimeisoma nami. Sarufi yake haina kosa kubwa; upatanisho wa ngeli umezingatiwa, na sentensi ni fupi kama ipasavyo katika maandishi ya aina hiyo. Kosa limo katika istilahi, na hasa katika neno moja, nalo ni mtandao. Mfasiri amelitumia kwa maana ya kampuni ya simu anapomtaka msomaji achague mtandao wake. Kwa maana ya minara na mawimbi yake anapoonya kuhusu mahali penye mtandao hafifu. Kwa maana ya intaneti anapoeleza jinsi ya kupakua programu. Na, jambo la hatari zaidi, kwa maana ya mawasiliano ya karibu baina ya saa na simu iliyo mfukoni.

Katika mazungumzo ya kila siku neno hili halituletei taabu. Mtu aulizwapo yuko mtandao gani, hutaja kampuni. Alalamikapo kwamba mtandao unasumbua, msikilizaji hutambua kwa mazingira kama ni minara iliyozidiwa au ni intaneti. Kijana asemaye ameona habari mtandaoni hakusudii minara hata kidogo. Mazungumzo huvumilia utata huo kwa sababu msemaji yupo na anaweza kuulizwa, lakini karatasi haiulizwi. Kwa asili neno lenyewe ni jema: linahusiana na kutanda, kama mawingu yatandavyo, na wala sipendekezi liachwe. Ninalolikataa ni kuliweka peke yake mahali ambapo dhana nne zinagombea nafasi moja.

Ili tuone madhara yake hatuna budi kufahamu jinsi saa hizi zinavyofanya kazi. Saa ya namna hii ina njia tatu za kuwasiliana. Ikiwa simu iliyofungamanishwa nayo iko karibu, saa hutumia redio ya masafa mafupi iitwayo Bluetooth, na simu ndiyo inayobeba mazungumzo. Simu ikiwa mbali lakini pana Wi-Fi ambayo saa inaifahamu, saa hutumia hiyo. Ni pale tu njia hizo mbili zinapokosekana ndipo saa hutegemea redio yake yenyewe na kutafuta mnara, kwa kuwa redio hiyo hula betri upesi, na betri ya saa ni ndogo. Huo ndio utaratibu wa saa za Apple tangu zile za Series 3, zilizotolewa Septemba 2017 zikiwa za kwanza za kampuni hiyo kuwa na redio ya simu. Saa ya mzee wetu ni ya mtengenezaji mwingine, lakini inafuata kanuni hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye karatasi. Hatua ya mwisho inamtaka mtumiaji ahakikishe kuwa saa ina mtandao. Mzee alitazama, akaona inao. Na ilikuwa kweli: ilikuwa nao kwa kupitia simu iliyokuwa mezani. Hatua ya sita, ambayo ni ya kuweka laini ndani ya saa, haikuwa imekamilika, lakini hapakuwa na neno lolote katika karatasi ambalo lingemwezesha kuligundua hilo. Yafaa kulinganisha na saa za Apple. Kitufe cha mtandao wa simu katika saa hizo huwa cheupe wakati huduma ipo lakini saa inapitia kwenye simu au Wi-Fi, na huwa cha kijani saa inapokuwa imeunganika na mnara yenyewe. Mtengenezaji ameona kuwa tofauti hiyo yastahili rangi mbili. Mfasiri wetu hakuona kuwa yastahili maneno mawili.

Utata huo huanzia dukani. Saa za Apple, kwa mfano, huuzwa kwa aina mbili: yenye GPS peke yake, yaani kipokezi cha setilaiti za kuonyesha mahali, na yenye GPS pamoja na redio ya simu. Aina ya kwanza haiwezi kamwe kugeuzwa kuwa ya pili, maana redio yenyewe haimo. Muuzaji akiulizwa kama saa ina mtandao atajibu kuwa inao, kwa aina zote mbili, wala hatakuwa amesema uongo. Mnunuzi alipaswa kuuliza kama saa ina redio yake ya simu.

Napendekeza basi kwamba katika maandishi ya aina hii tuandike kampuni ya simu tunapokusudia kampuni, intaneti tunapokusudia intaneti, na mtandao wa simu tunapokusudia minara na mawimbi yake. Wako wanaopenda kusema mtandao wa simu za mkononi. Sioni haja, na kwa saa istilahi hiyo inachekesha kidogo, kwa kuwa saa ndiyo iliyoitwa ya mkono kabla simu haijatoka ukutani. Wengine wamejaribu mtandao wa seli, kwa kufuata asili ya Kiingereza, ambako eneo linalohudumiwa na mnara mmoja hulinganishwa na chumba. Kwa Waswahili walio wengi seli ni ya mwalimu wa baiolojia au ya kituo cha polisi, na tuiache huko.

Dhana ya pili ni ile ambayo karatasi inaiita kadi ya SIM ya kielektroniki. Hapa mfasiri amekosea mara mbili. Kwanza, herufi ya mwanzo katika kifupisho eSIM haisimamii elektroniki. Inasimamia kupachikwa, yaani chipu imetiwa ndani ya kifaa kiwandani na haitolewi. Tena kila kadi ya SIM ni ya kielektroniki tangu zile za kwanza za mwaka 1991, ambazo kampuni ya Giesecke & Devrient ya Ujerumani iliitengenezea kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland; kwa hiyo kivumishi hicho hakitenganishi chochote na chochote. Pili, hakuna kadi. Jina la kadi lilifaa zamani kwa sababu SIM za mwanzo zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Saa ya Samsung Gear S ya mwaka 2014 ilikuwa bado ikitiwa kadi ndogo. Gear S2 classic 3G ya mwaka 2016 haikuwa na kadi tena. Msomaji aambiwaye habari za kadi ataitafuta. Mzee wetu aliitafuta ndani ya kasha, kisha chini ya mkanda, na hatimaye akataka kuifungua saa kwa kisu.

Bahati njema ni kwamba Kiswahili kilikwisha kujipatia neno bora kabla ya teknolojia yenyewe kufika. Watu husema laini. Hununua laini, hufungiwa laini, huwa na laini mbili. Neno hilo limetoholewa, na linagongana na laini ya nguo isiyokwaruza, lakini halitaji kadi wala plastiki. Lataja ile haki ya kutumia huduma ya kampuni fulani. Na hicho ndicho kinachoingia katika saa: faili yenye utambulisho na funguo za siri, ipakuliwayo kutoka kwa kampuni ya simu, aghalabu baada ya kupiga picha msimbo wa mraba. Chipu hubaki ilipo hata laini ikifutwa. Kiingereza hukiita chipu na faili kwa jina moja, na watumiaji wake huchanganyikiwa. Sisi tunaweza kusema chipu ya laini kwa kile kisichotoka, na laini ya ndani kwa kile kinachopakuliwa. Wako watakaopendelea laini pachikwa. Sina ugomvi nao, ila sijawahi kumsikia mtu akitamka hivyo bila kusoma mahali.

Pana dosari moja katika pendekezo langu, na ni haki niitaje. Kwa wengi laini na namba ni kitu kimoja. Lakini kampuni nyingi za simu huifungamanisha saa na simu kwa namba moja, ili zote mbili ziite mtu akipiga, ingawa kila kifaa kina laini yake. Itabidi tufundishe kusema namba moja, laini mbili, na sijui kama masikio yatakubali upesi.

Nafika sasa kwenye hatua ya sita, ambayo ndiyo iliyomponza mzee. Karatasi inatumia kitenzi sajili mara tatu mfululizo: katika hatua ya tano kwa maana ya kufungua akaunti kwa mtengenezaji, katika ya sita kwa maana ya kupakua laini, na katika ya saba kwa maana ya kumtambulisha mwenye saa. Katika Tanzania kitenzi hicho si kitupu. Tangu tarehe 1 Mei 2019 kusajili laini kumekuwa na maana ya kuweka alama za vidole na kuonyesha namba ya kitambulisho cha taifa. Muda wa mwisho uliongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Raia aliyepanga foleni siku zile hasahau. Mzee aliposoma kwamba asajili laini, alijiambia kuwa laini yake ilisajiliwa zamani, naye akairuka hatua ya sita akaenda ya saba. Alisoma sawasawa. Ni sisi wafasiri tuliotumia neno la sheria mahali pasipo sheria. Kusajili kuachiwe tendo hilo la kisheria peke yake. Laini ya ndani hupakuliwa, kisha huwashwa. Na akaunti hufunguliwa, kama tunavyofungua ya benki.

Mengine nitayapita haraka. Karatasi inasema unganisha kwa tendo la mara moja la kuifanya saa itambue simu yake, na pia kwa lile litokealo kila siku vifaa vikikaribiana. Tendo la kwanza liitwe kuoanisha, neno ambalo tayari limo katika simu zenye Kiswahili, na ambalo walimu wamelizoea katika mitihani ya orodha A na orodha B. Mkataba wa huduma umeitwa mpango, jambo linalomfanya msomaji ajiulize mpango wa nani. Kifurushi nacho hakitoshi hapa, kwa kuwa kifurushi huisha na mkataba huendelea kukatwa. Ama saa janja, sipingi, maadamu wananchi wameikubali. Ila mfasiri akiandika vifaa janja namwomba akumbuke kwamba kivumishi hicho kina ngeli, na kwamba vifaa huwa vijanja.

Hatua ya mwisho ya karatasi, ile iliyomhakikishia mzee kuwa mambo yote ni tayari, naiandika upya hivi: Zima simu yako kabisa. Zima Wi-Fi ya saa. Subiri dakika mbili, kisha mpigie mtu kwa saa. Ikiita, laini ya saa inafanya kazi na unaweza kutoka bila simu. Isipoita, laini haijawashwa. Rudi hatua ya sita, na usiitegemee saa hii ukiwa peke yako.