Ndoto ya Wariinga

Msomaji kijana, katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Shetani Msalabani mna ndoto ambayo yafaa uisome mara mbili. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kigikuyu gerezani Kamiti mwaka 1978, kikachapishwa 1980. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka 1982. Wariinga, msichana aliyesoma Nakuru na kuhudhuria ibada huko, huota kwamba aliyetundikwa msalabani si Kristo bali ni Shetani. Waliomtundika wamevaa matambara. Baada ya siku tatu huja watu wenye suti na tai, wakamshusha, naye akapata uhai tena.

Huenda ukadhani mwandishi aidhihaki dini. La, adhihaki mamlaka ya dunia yajifichayo chini ya msalaba. Aonyesha mavazi kwa sababu mavazi huonekana hata na mtoto, na hapo ndipo ilipo nguvu ya tashtiti yake. Wariinga huyo huyo ndiye alaghaiwaye na tajiri mzee wa Ngorika, mtu mwenye sifa na mali nyingi.

Lakini je, mavazi yatosha kuwa kipimo? Raphael Ndingi alikuwa Askofu Mkatoliki wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996. Naye alivaa joho na pete ya uaskofu. Hata hivyo, watu walipochomewa nyumba katika Bonde la Ufa mwaka 1992, aliikemea serikali waziwazi. Padre John Kaiser, mmisionari Mmarekani, alikaa na waliofukuzwa makwao katika kambi ya Maela, Naivasha, hata kambi ilipovunjwa Desemba 1994. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi. Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, na mwaka 2007 mahakama ilitamka kwamba aliuawa.

Mambo hayo yalitukia baada ya riwaya kuandikwa, kwa hiyo mwandishi hana lawama. Lawama itakuwa yetu tusomao leo, tukiisoma kana kwamba hayakutukia.

Tena jihadhari na maneno, kwani nayo ni mavazi. Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu, kazi ya mtumwa wa nyumbani. Leo nchini Kenya wahubiri wengi huitwa "mtumishi", na jina hilo la unyenyekevu limegeuka cheo: aitwaye hivyo hupewa kiti cha mbele, na huenda akaona haya kukaa cha nyuma.

Basi, ukiisoma ndoto ya Wariinga, usiishie kwenye suti na matambara. Itazame mikono ya kila kiongozi, uulize yamshusha nani msalabani, na yamwacha nani akining'inia.