Kufuli la Pili la Akaunti za Kazi

Karani wa ofisi mjini Kilosa, na mwenzake apokeaye wageni Mikumi kando ya barabara kuu ikatizayo hifadhini, wote wawili wamechukua amana za watu: barua pepe za kazi, majina ya wateja na hesabu za malipo, na madhali nenosiri peke yake huibika, hapana budi akaunti hizo ziwekewe uthibitishaji wa hatua mbili.

Kwa hatua hiyo ya pili, aghalabu watu huchagua namba iletwayo kwa ujumbe mfupi, nayo ina ila mbili: haifiki mahali ambapo laini haishiki mtandao, hata kama ofisi ina intaneti yake, tena huifuata laini, si mwenyewe, hivyo tapeli akifaulu kuihamishia laini ile kwenye kadi yake, namba zote humwendea yeye. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza nchini mwaka 2019, ni kinga njema, lakini hautoshi peke yake.

Iliyo bora ni programu ya uthibitishaji, ambayo kanuni yake ilitangazwa mwaka 2011. Katika mipangilio ya usalama ya akaunti, kompyuta huonyesha msimbo wa QR. Mtu akiulenga kwa kamera ya simu, siri moja huwa imehifadhiwa pande zote mbili, simuni na kwa mtoa huduma. Tangu hapo simu huichanganya siri ile na saa iliyopo, ikatoa tarakimu 6 zibadilikazo kila sekunde 30, bila kuuliza lolote mtandaoni. Na mtoa huduma, akipiga hesabu ile ile, hupata jawabu lile lile.

Kwa hiyo saa ya simu ikipishana na saa ya kweli kwa dakika chache, namba zote hukataliwa, nayo dawa yake ni kuiacha ijirekebishe yenyewe. Fauka ya hayo, akaunti nyingi hutoa namba za akiba, kila moja ya kutumika mara moja tu. Hizo ziandikwe karatasini zikafungiwe kabatini, wala zisipigwe picha kwa simu ile ile, kwani ikipotea zitakwenda nayo.

Nawasihi wakuu wa ofisi waitimize kazi hii mapema, na kila mtumishi ashike sharti moja: tarakimu zile asimsomee mtu yeyote apigaye simu, hata ajitambulishe kuwa fundi wa ofisi.