Kosa Katika Mshale wa Jiwe

Katika maonyesho ya kazi za mikono ya shule moja wilayani Kilosa uliwekwa mshale uliotengenezwa na wanafunzi, na chini yake kibao chenye maneno haya: "Silaha duni ya watu wa kale." Kazi ilifanywa kwa bidii, nami nawasifu watoto. Walakini mshale ule una kosa, na kibao kina kosa kubwa zaidi. Tena hili la pili limezaliwa na lile la kwanza.

Tuutazame mshale wenyewe. Wano lilikuwa tete la kando ya mto Mkondoa, jepesi na lililonyoka. Hapo walichagua vema. Manyoya yalifungwa sawasawa. Lakini chembe chake kilikuwa bapa la jiwe lenye upana wa vidole vitatu, limefungwa kwa kamba juu ya tete. Mshale wa namna hiyo hauendi mbali: uzito wa jiwe huuinamisha, na ukipiga kitu kigumu tete hupasuka. Mtu auonaye husema kwa haki kwamba ni duni. Je, wazee wa kale ndivyo walivyofanya?

Mawe yaliyochimbuliwa yatoa ushahidi mwingine. Katika pango la Mumba, karibu na ziwa Eyasi, ambako Kohl-Larsen alichimba katika miaka ya 1930, vimeonekana vipande vidogo vya mawe vilivyochongwa mgongo mmoja ukawa butu, upande wa pili ukaachiwa makali. Umri wa baadhi yake wapita miaka 50,000. Huko Sibudu, Afrika ya Kusini, vipande vya namna hiyo, vya miaka kama 64,000, vina alama za gundi, na wataalamu huvihesabu kuwa chembe za mishale. Ni vidogo kuliko kidole cha mtoto.

Jiwe hudumu, lakini mti huoza. Kwa hiyo habari za mti wa mshale hatuna budi kuzitafuta kwa wawindaji wa karibu nasi. Wakamba na Waata wa Kenya walitumia chembe cha chuma, wala hawakukitia katika wano moja kwa moja. Walikitia katika kijiti kifupi cha mti mgumu, na kijiti hicho kikachomekwa katika ncha ya wano. Sumu ya msunguti ilipakwa hapo, ikazungushiwa ukanda wa ngozi isikauke. Mnyama akipigwa, kijiti hubaki mwilini na wano huanguka, mwindaji akaliokota. Kijiti kikivunjika, hutengenezwa kingine, na wano lililonyoshwa kwa taabu halipotei. Tena uzito mdogo wa mbele huusaidia mshale kwenda sawa. Hiki ndicho kilichokosekana katika mshale wa Kilosa. Na bila hicho watoto hawakuona akili iliyomo, wakaona udhaifu tu.

Wala si kazi ya mikono tu iliyopungua. Niliwauliza wanafunzi majina ya sehemu za mshale: mmoja tu alijua chembe, na wano hakulijua yeyote. Podo walilijua, kwa kuwa wamelisoma katika habari za Isaka na Esau. Tangu Mikumi ifanywe hifadhi ya taifa, mwaka 1964, kuwinda humo hakuruhusiwi, na ni vema wanyama walindwe. Lakini kitu kikiondoka, jina lake hukifuata, na baada ya jina hufuata heshima ya waliokitengeneza. Mtoto wa Kisagara au wa Kividunda akisoma neno "duni" juu ya kazi ya babu zake, atalisadiki, maana limeandikwa na mwalimu wake.

Basi nashauri kazi ile irudiwe. Wachague kipande kidogo cha jiwe jeupe gumu, wakitie kwa ulimbo na kano katika kijiti, na kijiti katika tete, sumu isiwepo. Kabla ya hayo waende kwa wazee, wakaulize kijiti kile huitwaje kwa Kisagara na Kividunda, maana Kiswahili cha vitabu vyetu hakijatupa jina lake. Majina hayo ndiyo yaandikwe juu ya kibao kipya.