Istilahi za Kupima Nyumba: Ni Ufanisi wa Nishati au Mahitaji ya Nyumba?

Mfasiri anayeletewa hati za kupangisha nyumba kutoka Ulaya hukutana siku hizi na cheti ambacho hapa kwetu hakijazoeleka. Mwaka 2002 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo kwamba jengo linapojengwa, kuuzwa au kupangishwa, mnunuzi au mpangaji aonyeshwe hati inayoeleza hali ya jengo hilo kwa upande wa nishati. Huko Uingereza nyumba hupewa daraja kuanzia A hadi G, na cheti hudumu miaka 10. Majirani zetu wa Kenya nao walitunga kanuni mwaka 2012 zinazotaka majengo na viwanda vinavyotumia umeme mwingi vikaguliwe. Katika mitaa ya Kariakoo, mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo bila kuonyeshwa karatasi ya namna hiyo. Hata hivyo, istilahi zimekwisha kuwasili kabla ya cheti chenyewe, na yafaa tuzichunguze kabla hazijaota mizizi.

Inayosikika zaidi ni "tathmini ya ufanisi wa nishati". Wengine husema "ukaguzi wa nishati". Ufanisi, ukaguzi na tathmini ni maneno mazuri yote matatu, lakini kwa maoni yetu hapa yamewekwa mahali pasipo pao.

Tuanze na ufanisi. Fundi mitambo analitumia neno hili kwa haki anapolinganisha kazi iliyotolewa na pampu na nishati iliyoingia ndani yake. Lakini tusemapo "ufanisi wa nishati", kihusishi "wa" kinaupa umeme sifa isiyo yake. Umeme ni ule ule, uingie katika nyumba ya Kiswahili au katika ghorofa lililozungushiwa vioo. Kinachotofautiana ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi unaotoka barazani hadi uani, na vyumba viko pande zake mbili, hivyo hewa hupata njia ya kupita. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa mapaa ya zege yenye umbo la mwavuli, yanayotoa kivuli na kuruhusu hewa ipite. Kinyume chake, ghorofa lenye vioo visivyofunguka halikaliki mchana bila kiyoyozi. Dalali aweza kabisa kulisifu ghorofa hilo kuwa "lenye ufanisi" kwa sababu viyoyozi vyake vinafanya kazi barabara, na neno lenyewe halina nguvu ya kumkanusha.

Pili, ukaguzi. Mkaguzi wa hesabu hutafuta dosari katika vitabu. Mkaguzi wa mita hutafuta waya uliopitishwa kinyume cha sheria. Neno hili limebeba mamlaka na shaka, nalo linafaa pale ambapo sheria imemlazimisha mwenye kiwanda, kama katika kanuni za Kenya tulizozitaja. Lakini mgeni akibisha hodi uani na kusema amekuja "kukagua umeme", wapangaji watafunga milango hata kama hawana kosa. Istilahi inayomwogopesha mtu ambaye imekusudiwa kumsaidia haijafanya kazi yake.

Tatu, tathmini. Asili ya neno hili ni Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na thamani. Katika taaluma ya elimu limepanuka likawa na maana ya kupima mafanikio ya jambo, na hilo halina ubaya. Lakini katika habari za nyumba maana ya bei ingali hai: tunayo Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na mkazi wa Dar es Salaam asikiapo kwamba nyumba yake itafanyiwa tathmini, hufikiria fidia na kubomolewa. Wakati wa kuuza hatari huwa kubwa zaidi, kwani mnunuzi aweza kudhani kwamba hati aliyoonyeshwa imethibitisha bei.

Mwandishi wa makala haya alipendelea kwanza "upimaji wa matumizi ya nishati". Neno matumizi linaeleweka na halimtishi mtu. Lakini kisa kimoja kilimfanya abadili rai. Alipopanga chumba katika ghorofa karibu na Mtaa wa Sikukuu, alielezwa kwamba aliyemtangulia alikuwa akitumia uniti chache mno za umeme. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Baadaye alikuja kufahamu kwamba mtu huyo alikuwa msafiri, akilala humo siku chache tu kwa mwezi. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na pangaboi lilizunguka usiku na mchana. Matumizi yalikuwa habari ya mtu. Mpangaji mpya alihitaji habari ya nyumba.

Kwa hiyo tunapendekeza "upimaji wa mahitaji ya nishati", na hati itokanayo nao iitwe "cheti cha mahitaji ya nishati". Mahitaji ni kiasi ambacho nyumba yenyewe itadai ili ikalike, awe ndani yake mbadhirifu au mwekevu. Nyumba ya daraja la juu ni ile yenye mahitaji madogo, na dalali hawezi kuligeuza neno hilo likawa sifa ya wingi wa viyoyozi. Lakini mfasiri achunge jambo moja: aandike "mahitaji ya nyumba", kamwe si "mahitaji ya nyumbani", kwani hayo ni unga, sukari na sabuni. Kuna watakaopinga kwamba upimaji ni wa viwanja. Ni kweli, lakini kijalizo "wa mahitaji ya nishati" kinaondoa utata huo.

Tunao mfano wa istilahi iliyofaulu katika uwanja huu huu. LUKU ni ufupisho wa "Lipa Umeme Kadri Utumiavyo". Iliundwa kwa kitenzi kinachomwambia mwananchi atendalo, na leo ni nomino ya kawaida: luku imeisha, nyumba ina luku yake. Lakini mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU, ulizuka ubishi wa nani anayelipa, maana anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, ilhali jengo ni la mwingine. Ubishi huo unatufundisha kwamba katika nyumba za kupanga, deni la mtu na deni la nyumba hazina budi kutengwa kwa maneno yaliyo wazi.

Jambo hili linagusa mfuko. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Wapangaji wanne wanaochangia mita moja katika nyumba isiyopitisha hewa huvuka mpaka huo upesi, kisha huanza kushukiana wao kwa wao, na nyumba haishukiwi na mtu.

Mpangaji anayetaka kuhamia Kariakoo huuliza swali fupi: "Nyumba hii inahitaji umeme wa kiasi gani kwa mwezi?" Istilahi ya cheti ni lazima iwe jibu la swali hilo. Tunawaomba wafasiri na walimu walijaribu pendekezo letu katika kazi zao, na mwenye neno bora zaidi alilete.