Kiti cha Mitutu: Kester na Ufundi wa Kutoficha

Wengi wanaokiona Kiti cha Enzi cha Silaha, kazi ya mchongaji wa Msumbiji Cristóvão Canhavato, maarufu kama Kester, hukimbilia nyuso. Juu ya egemeo, matundu ya skrubu na nafasi za mikanda kwenye vitako vya bunduki yanaonekana kama macho na midomo. Kester ameeleza kwamba hakuzichonga nyuso hizo, alizikuta. Mimi naanzia chini, miguuni, maana huko ndiko ufundi unakopimwa.

Kiti kilitengenezwa Maputo mwaka 2001, na sasa kipo British Museum, London. Vyuma vyake vilitoka kwenye mradi wa kukusanya silaha ulioanzishwa mwaka 1995 na Baraza la Kikristo la Msumbiji, Askofu Dinis Sengulane akiwa mstari wa mbele. Aliyesalimisha silaha alipewa jembe, cherehani, baiskeli au vifaa vya ujenzi. Silaha zilikatwa zisiweze kufyatua tena, na baadhi ya vipande vikaishia mikononi mwa wasanii.

Bunduki ni chuma kigumu kwa fundi wa kuchomelea. Mtutu ni mnene, lakini mwili wa bunduki aina ya AKM ni bati lililokandamizwa kwa mashine, unene wake kama milimita moja. Ukiviunga pamoja na moto ukakawia upande wa bati, umetoboa. Inabidi uuelekeze kwenye mtutu, kisha uguse bati kidogo tu. Basi uzito ubebwe na mitutu. Mguu mmoja wa mbele wa kiti hiki ni mtutu wa AKM iliyoundwa Korea Kaskazini.

Angeweza kuviyeyusha vyote akamwaga umbo alitakalo. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kila kipande bado kinajulikana kilikuwa nini, kwa hiyo kiti kinasomeka. Egemeo ni G3 za Ureno, bunduki ya jeshi la kikoloni lililopigana na wapigania uhuru wa FRELIMO kuanzia 1964. Pa kukalia pametoka Poland na Chekoslovakia. Silaha za upande wa Mashariki zilizoingia kumng'oa mkoloni, na nyingine zilizofuata, zilibaki na kutumiwa na Wamsumbiji kuuana wenyewe kwa wenyewe katika vita vya ndani kati ya 1977 na 1992. Waliokufa wanakadiriwa kufikia milioni moja. Hakuna bunduki hata moja kitini iliyotengenezwa Afrika. Anayezijua silaha huyaona hayo yote bila kusomewa.

Linganisha na Mti wa Uhai, ambao Kester aliutengeneza na wenzake watatu, Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté, ukafika British Museum hiyohiyo mwaka 2005. Una urefu wa mita tatu na nusu na uzito wa nusu tani, nao unapendeza kwa mbali. Lakini ili kupata majani na matawi, silaha zimekatwa vipande vidogo mno, na mara nyingi huwezi tena kusema hiki kilitoka kwenye bunduki gani, wala bunduki hiyo ilitoka wapi. Mti umepata umbo kwa kupoteza ushahidi. Kiti, chenye kimo cha mita moja tu, hakikulipa gharama hiyo.