Samasoti Huamuliwa Miguu Ikiwa Bado Chini

Mwanasarakasi akishaachana na ardhi, njia ya mwili wake hewani imekwisha kuamuliwa. Kasi aliyoondoka nayo na nguvu ya mvutano ndizo zinazosema atapanda kiasi gani na atatua wapi. Kilichobaki ni kujikunja ili azunguke haraka, au kujinyoosha ili apunguze mzunguko. Kocha anayepaza sauti “jikunje!” mara nyingi anatibu dalili tu, ugonjwa ulianza miguu ikiwa bado kwenye mkeka.

Hilo ndilo somo kubwa la teknolojia ya kunasa mwendo, na ndiyo sababu naitetea kwa vijana wanasarakasi wa Makongeni, Thika. Nairobi kuna ukumbi wa Sarakasi Dome pale Ngara, uliokuwa sinema ya Shan. Kwingineko, sarakasi hufunzwa popote penye nafasi.

Kwenye maabara, teknolojia hiyo hufanya kazi hivi. Mrukaji hubandikwa vitufe vinavyoakisi mwanga kwenye vifundo, magoti, nyonga na mabega. Kamera za infraredi humzunguka, zikipiga picha mia na zaidi kwa sekunde. Kitufe kikionekana na kamera mbili au zaidi, programu hupiga hesabu ya pembetatu na kujua kilipo. Sarakasi huusumbua sana mfumo huu. Anayejikunja huyakumbatia magoti na kuvificha vitufe, jasho huvibandua. Kwenye piramidi ya watu, miili huzibana na programu hubaki kukisia. Jua kali la uwanjani nalo huzichanganya kamera hizo.

Ndiyo maana mifumo isiyo na vitufe ni habari njema. Kampuni ya Fujitsu iliwapa waamuzi wa mashindano ya dunia ya jimnastiki, Stuttgart mwaka 2019, mfumo unaopima mwili kwa leza. Bei yake si ya kundi la mtaani, lakini simu nayo sasa inajitahidi: MediaPipe, programu ya Google isiyolipiwa, hutambua pointi 33 za mwili kwenye video ya kawaida.

Chukua samasoti ya nyuma inayodumu hewani sekunde 0.6. Simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde itakupa picha 18 tu, na ile ya kuondoka huenda isiwemo. Kwa picha 240 kwa sekunde unapata 144. Hesabu picha tangu vidole viachie mkeka hadi viuguse tena, ugawe kwa 240 upate muda: sekunde 0.6 ni kupanda kama sentimita 44, sekunde 0.7 ni 60. Lakini anayetua amechuchumaa hujiongezea muda bila kupanda zaidi, basi linganisha kutua kwa mkao mmoja. Kisha simamisha picha ya mwisho ya kuondoka. Je, nyonga zimenyooka na mikono iko juu, au kichwa kimekwisha kutupwa nyuma? Kichwa kikitangulia, mwili huegemea nyuma na urefu hupotea.

Simu haijui hofu wala maumivu ya kifundo, na kwenye piramidi nisingeiamini hata kidogo. Hapo jicho na mkono wa kocha havina mbadala.

Wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu cha JKUAT, hapo Juja si mbali na Makongeni. Njooni na simu mbili na stendi, mwombe ruhusa ya wazazi kabla ya kurekodi watoto, na video zote mliachie kundi lenyewe.